Mwandishi wa Habari wa Kigeni: Nani Hufukuzwa, Nani Hubaki

Mei 2022 serikali ya Ethiopia ilimfutia kibali Tom Gardner, aliyekuwa akiliandikia jarida la The Economist kutoka Addis Ababa, ikampa saa 48 awe ameshaondoka nchini. Akafungasha, akaondoka. Miezi mitano na ushei kabla ya hapo, mwishoni mwa Novemba 2021, polisi wa nchi hiyohiyo walimkamata Amir Aman Kiyaro, mpiga picha za video aliyekuwa akifanya kazi na shirika la habari la Associated Press, mwenye kitambulisho halali cha kazi hiyo. Amir ni Mwethiopia. Hakupewa saa 48, kwa kuwa hakukuwa na kwao kwingine pa kumrudisha. Alikaa mahabusu miezi minne ndipo akatoka kwa dhamana.

Vita walivyoviripoti, vya Tigray kaskazini mwa nchi hiyo, vilikuwa vilevile, na waliokuwa wakisoma na kutazama walikuwa watu wa mbali walewale. Kilichowatenganisha ni pasipoti. Nimeanza na hawa wawili kwa makusudi, maana ukitajwa uandishi wa habari wa kimataifa wengi wetu tunamwona mtu mmoja: amevaa fulana ya kuzuia risasi, amesimama mbele ya kamera, nyuma yake moshi. Mtu huyo yupo, na kazi yake ni ngumu kweli. Ila pale hayuko peke yake, na ugumu wenyewe haumwangukii kila mtu wa msafara kwa uzito mmoja.

Watu walio nyuma ya jina moja

Tuanze na mwajiriwa. Huyu ametumwa na chombo chake, tuseme kutoka London, Paris au New York, akae nje miaka mitatu minne kisha ahamishiwe kwingine. Ana mshahara wa mwisho wa mwezi, bima, nyumba inayolipiwa, mara nyingine hata ada ya shule ya watoto. Zamani wa aina hii walikuwa wengi. Matangazo yalipohama kutoka magazetini kwenda kwenye intaneti, ofisi za nje zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa, kwa sababu ni ghali na mhasibu huziona upesi kwenye vitabu vyake.

Nafasi yao ikajazwa na waandishi wa kujitegemea. Hawa hulipwa kwa habari iliyotumika. Mtu anaweza kusafiri siku tatu kufika kambi ya wakimbizi, akakesha akiandika, na asubuhi hiyohiyo waziri mkuu fulani wa Ulaya akajiuzulu. Habari ya kambi inawekwa kando, na nauli iliyotoka mfukoni mwa mwandishi haimrudii.

Kisha kuna mwakilishi mwenyeji, aliyezaliwa na kukulia Goma, Bujumbura au Mombasa, anayezitumia ripoti idhaa za kimataifa. Kwa chombo kilichoko Ulaya yeye ni mwandishi wa huko nje. Kwa majirani zake ni kijana wa mtaa huo, wanamjua mama yake na wanaijua nyumba yao.

Na yuko fiksa. Huyu ni mwenyeji anayelipwa kwa siku ili safari ya mgeni iwezekane. Hutafuta gari na dereva asiyekunywa. Anajua kizuizi kipi cha barabarani kinasimamiwa na jeshi na kipi na wanamgambo. Ana namba ya simu ya mganga mkuu na ya chifu, hutafsiri, humnong'oneza mgeni avue miwani ya jua kabla ya kuwaamkia wazee. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mwandishi wa gazeti la nchi hiyo, tena hodari, na ndiye aliyeijua habari hiyo mwanzo. Ikichapishwa, jina lake huwekwa chini kabisa kwa herufi ndogo, au lisiwekwe. Wapo wanaoomba lisiwekwe kwa ajili ya usalama wao, na hilo ni haki yao. Lakini kuliacha kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka, mimi nauita wizi wa jasho.

Mazoea hayo ni ya kale. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone hakuwa mmisionari wala afisa wa serikali. Alikuwa mwandishi wa New York Herald, ametumwa na mwenye gazeti. Aliyewasimamia watu wa msafara wake ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi Afrika, na ambaye tayari alikuwa amesafiri na wavumbuzi Waingereza Burton na Speke kabla Stanley hajafika. Livingstone alipatikana Ujiji mwishoni mwa 1871, na habari ikalifikia gazeti katikati ya 1872. Stanley tunamjua wote tangu darasani. Bombay, aliyeijua njia, anajulikana na wachache.

Kwa nini Nairobi

Katika ukanda wetu kazi hii ina makao yake yasiyo rasmi, nayo ni Nairobi. Umoja wa Mataifa una ofisi kubwa Gigiri, mashirika ya misaada yamejaa, na kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta unafika karibu mji mkuu wowote wa jirani kwa saa chache. Uwanja mdogo wa Wilson nao una ndege za kwenda pasipofikiwa na ndege za kawaida za abiria. Miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipopamba moto, waandishi walikuwa wakidandia ndege za miraa kwenda Mogadishu, maana mzigo wa miraa haukukosa usafiri hata mapigano yawe makali namna gani. Waliokwenda kusini mwa Sudan walipitia Lokichoggio, kule Turkana, kulikokuwa na kituo cha ndege za operesheni ya misaada ya Umoja wa Mataifa iliyoanza 1989.

Ofisi moja ya Nairobi huweza kubebeshwa nchi kumi au zaidi, kuanzia Somalia hadi mashariki ya Congo. Wiki hii ni uchaguzi Uganda, wiki ijayo nzige Isiolo, halafu mapigano Kivu. Hata mwenye bidii ya namna gani hawezi kuzijua nchi zote hizo kama anavyozijua mtu wa huko. Hapo ndipo yanapozaliwa makosa yanayotuudhi tukisoma habari zetu kwenye magazeti ya nje: nchi nzima kuelezwa kwa makabila mawili, mgogoro wa ardhi wa miaka sitini kukatwa uingie kwenye aya moja. Msomaji hudhani mwandishi ni mjinga au ana chuki. Mara nyingi mwandishi alituma maneno 1,200 yenye maelezo yote, dawati la London likayakata hadi 600 na kuweka kichwa cha habari ambacho yeye mwenyewe alikiona siku ya pili. Waandishi wazuri hugombana na wahariri wao kwa ajili ya neno moja, na hawashindi kila mara.

Mfano mkubwa wa nguvu na udhaifu wa kazi hii ni ripoti ya Korem, Ethiopia, iliyorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Aliyesimulia ni Michael Buerk, aliyekuwa na kituo Johannesburg. Aliyepiga picha ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Picha zile zilizunguka dunia, zikachangisha fedha nyingi, zikaokoa watu. Lakini kilichobaki vichwani mwa watazamaji ni ukame. Vita vya serikali ya Ethiopia chini ya Mengistu dhidi ya waasi wa kaskazini, vilivyochangia sana njaa ile, vilipata nafasi ndogo. Njaa huonekana kwa kamera mara moja. Siasa iliyoisababisha inahitaji muda wa kuelezwa, na dakika za taarifa ya habari ni chache.

Karatasi kwanza

Kabla ya kamera kutolewa begini kuna vibali. Kenya, mgeni anahitaji kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari pamoja na ruhusa ya uhamiaji. Nchi nyingine huongeza barua ya wizara, barua ya mkoa, na afisa wa kukusindikiza. Novemba 2020, uchaguzi wa Uganda ukikaribia, wafanyakazi wa televisheni ya CBC ya Canada walirudishwa kwao, na mwezi uliofuata waandishi wa kigeni waliokuwa nchini wakatakiwa kujiandikisha upya. Congo ilimfukuza Ghislaine Dupont wa RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, mwaka 2006, wiki chache kabla ya uchaguzi.

Serikali haihitaji kuwafukuza wengi. Anayejua kibali chake kinaisha Desemba huanza kupima maneno yake Novemba. Fiksa naye, ambaye jina lake liliandikwa kwenye fomu ya maombi kama mwenyeji wa mgeni, hupigiwa simu na watu wasiojitambulisha wakimuuliza mgeni wake alizungumza na nani.

Tukubaliane pia kwamba pasipoti ya nje si kinga ya kila kitu. Dupont huyohuyo na mwenzake Claude Verlon walitekwa na kuuawa Kidal, kaskazini mwa Mali, tarehe 2 Novemba 2013, na ndiyo maana Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe hiyo kupinga uhalifu unaofanywa dhidi ya wanahabari bila wahusika kuadhibiwa. Evan Gershkovich wa Wall Street Journal alikamatwa Urusi Machi 2023, akahukumiwa miaka 16, akatoka Agosti 2024 kwa mabadilishano ya wafungwa. Lakini nyuma yake kulikuwa na gazeti kubwa lililomtaja karibu kila siku, na serikali iliyokuwa tayari kukaa mezani kwa ajili yake. Mwandishi wa Asmara au Bujumbura aliyefungwa na serikali yake mwenyewe hana wa kwenda kumkomboa kwa mabadilishano.

Mogadishu, 12 Julai 1993

Siku hii nataka tukae nayo kidogo. Ilikuwa Jumatatu. Helikopta za Marekani, katika operesheni iliyokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, zilishambulia nyumba ambamo wazee na wafuasi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid, kiongozi wa wanamgambo wa Kisomali, walikuwa wamekutana. Wasomali kwa makumi waliuawa. Wafuasi wa Aidid wakataka dunia ione, wakawaita waandishi waliokuwa hotelini waje wapige picha, wakawaahidi ulinzi. Waandishi wakaenda, kwa sababu ndiyo kazi: watu wameuawa, na jeshi lina maelezo yake ambayo lazima yathibitishwe kwa macho.

Walipofika, umati uliokuwa ukitoa maiti kwenye kifusi uliwageukia. Wanne waliuawa: Dan Eldon, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters mwenye miaka 22, Hos Maina, mpiga picha wa Reuters, Anthony Macharia, fundi sauti wa Reuters, na Hansi Krauss, Mjerumani wa Associated Press. Mohamed Shaffi, mpiga picha za video, alinusurika akiwa na majeraha.

Umati ule haukuwa na muda wa kuuliza nani katoka wapi, wala nani alikuja kuwatetea. Kamera ilikuwa alama ya watu wa nje, na watu wa nje ndio waliokuwa wamerusha makombora asubuhi ile. Hili ni jambo la msingi katika kazi hii: mwandishi hupimwa kwa matendo ya wengine waliofika kabla yake na gari linalofanana na lake.

Maina na Macharia walikuwa Wakenya. Eldon, aliyekulia Nairobi, amesimuliwa katika vitabu na filamu, na anastahili. Waulize wanafunzi wa uandishi wa habari Nairobi au Dar es Salaam wakuambie Hos Maina alikuwa nani. Miaka miwili kabla, Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, Mohamed Amin alipoteza mkono wake wa kushoto, na fundi sauti wake, Mkenya John Mathai, akapoteza maisha. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia, akafariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini Comoro. Jina lake halijapotea. La Mathai linatajwa likifuatana na lake, likitajwa.

Bima, fulana na bei ya siku

Usalama ni fedha. Kuna mafunzo ya siku kadhaa ya kufanya kazi penye hatari: kufunga jeraha linalovuja damu nyingi, kulala chini risasi zikilia, kuzungumza na mtoto mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani bila kumtisha. Kuna fulana ya kuzuia risasi na helmeti, ambazo baadhi ya nchi huzihesabu kuwa vifaa vya kijeshi na kuzizuia forodhani. Kuna bima itakayolipia ndege ya kumtoa majeruhi. Mwajiriwa hupewa yote hayo. Wa kujitegemea hujitafutia.

Baada ya Wamarekani James Foley na Steven Sotloff, wote wa kujitegemea, kuuawa Syria mwaka 2014, shirika la habari la Ufaransa, AFP, lilitangaza kwamba halitapokea tena kazi za waandishi wa kujitegemea kutoka maeneo ambayo lenyewe lisingethubutu kupeleka watu wake. Februari 2015 vyombo kadhaa vikubwa vikakubaliana kanuni za kuwalinda wa kujitegemea kama wanavyowalinda wafanyakazi wao. Ni hatua njema. Lakini fiksa wa siku tatu hana mkataba wa maandishi mara nyingi, na bima iliyokatwa kwa jina la mgeni haimgusi yeye wala dereva, ingawa gari likikanyaga bomu la ardhini wote wamo ndani.

Sauti inayojulikana mtaani

Sisi tunaosikiliza kwa Kiswahili tuna deni la pekee kwa wawakilishi wa idhaa. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1957, Deutsche Welle 1963, RFI ikaongeza yake 2010. Miaka yote hiyo aliyeko Lubumbashi amejua yanayotokea Lamu kwa sababu mtu fulani alikaa mahali akarekodi.

Mtazame akifanya kazi. Mwakilishi aliyeko mashariki ya Congo ana ripoti ya dakika tatu. Anatafuta chumba kisicho na mwangwi, anafunga dirisha, anajifunika blanketi zito au anaingiza kichwa kabatini katikati ya nguo ili sauti isivume. Anasoma, anakosea, anarudia. Anatuma kwa WhatsApp, mtandao unakatika asilimia tisini, anapanda juu ya paa kutafuta mnara. Jioni sauti hiyohiyo inatoka kwenye redio ya duka la jirani, na mwisho wa ripoti inataja jina lake na mji alipo, kama utaratibu wa idhaa unavyotaka. Aliyekasirishwa na ripoti ile hana haja ya kutafuta mbali.

Agosti 2015 Esdras Ndikumana, Mrundi aliyekuwa mwakilishi wa RFI na AFP mjini Bujumbura, alikwenda kupiga picha mahali alipouawa Jenerali Adolphe Nshimirimana, mkuu wa zamani wa ujasusi wa Burundi. Maafisa wa usalama walimkamata na kumpiga vibaya, na baadaye akaihama nchi. Machi 2019 baraza linalosimamia mawasiliano Burundi liliifutia BBC leseni, likarefusha bila kikomo adhabu ya kuisimamisha VOA, redio ya serikali ya Marekani, na likapiga marufuku mwandishi yeyote, Mrundi au mgeni, kuvipa vituo hivyo habari kwa njia yoyote ile. Angalia marufuku ile ilimbana nani. London na Washington ziliendelea kurusha matangazo yao. Aliyekosa kazi na kuingia woga ni mtu wa Bujumbura na Gitega. BBC iliruhusiwa tena 2022, lakini miaka mitatu bila kipato ni mirefu kwa anayelipwa kwa ripoti.

Kuhusu mzigo wa moyoni nitasema kwa ufupi. Daktari Anthony Feinstein wa Toronto aliwachunguza waandishi 140 wa vita, na matokeo yaliyotoka 2002 yalionyesha kwamba zaidi ya robo yao walikuwa wamepata, wakati fulani wa maisha yao, maradhi ya kiwewe yanayowapata askari waliotoka vitani. Baadaye aliwachunguza pia waandishi wa Kenya walioripoti ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na shambulio la 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Hao hawakupanda ndege kurudi kwenye mji mtulivu. Waliripoti mauaji ya majirani zao, wakalala mitaa hiyohiyo. Kwetu mtu mzima akisema haoni usingizi huambiwa ajikaze, na vyumba vyetu vya habari havijaacha tabia hiyo.

Mgeni asipokuwepo kabisa

Mambo mawili ya karibuni yameonyesha kazi hii inaelekea wapi. Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, Israel iliwazuia waandishi wa kigeni kuingia kwa uhuru, ikawaruhusu wachache kwa kusindikizwa na jeshi. Karibu kila picha tuliyoiona ilipigwa na Mpalestina aliyekuwa na njaa ileile na familia chini ya mabomu yaleyale. Waliouawa kati yao ni wengi kuliko katika mgogoro wowote ambao Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari imewahi kuuorodhesha tangu ilipoanza kuhesabu mwaka 1992. La pili ni la Machi 2025, pale serikali ya Marekani ilipowaweka likizo ya lazima zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa VOA na idhaa zake za lugha nyingi, Kiswahili ikiwamo, zikanyamaza. Wawakilishi waliokuwa wakitegemea malipo ya kila ripoti walibaki na simu zao, na wahariri waliokuwa wakipokea kazi zao hawakuwa tena ofisini.

Kwa hiyo mwandishi mwenyeji sasa si msaidizi pembeni. Katika maeneo mengi yeye ndiye kazi yenyewe, na haki zake zinapaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla injini ya gari haijawashwa. Kama wewe ni mwandishi kijana wa Kigoma, Beni au Garissa, na timu kutoka nje imekupigia ikitaka uwapeleke mahali, yapo maswali ya kuuliza kabla hujasema ndiyo, na mwenye nia njema hatayakasirikia. Malipo ni ya siku au ya kazi yote, na yanatoka lini? Bima inanitaja kwa jina, mimi na dereva? Nina fulana na helmeti kama zenu, au ni mbili tu? Jina langu litawekwa au litafichwa, na nani anaamua? Picha za watu waliokubali kuzungumza kwa sababu ya kunijua mimi zitatumika vipi mkishaondoka? Nikikamatwa, mhariri gani atapiga simu, na namba yake ni ipi? Na ikinilazimu kuhama baada ya habari kutoka, nani atagharimia safari ya watoto wangu?